Bata anameza chochote, lakini halishwi na chochote: vifaranga 9 waliolemaa kwangu Nzuguni

Bi Nzuguni (mwanzisha uzi)

Wakubwa shikamooni, wadau wengine habari za mchana.

Naandika nikiwa nimekaa mbele ya banda, na kifaranga wa mwisho kupona anazunguka miguuni pangu akichokonoa mchanga uliolowa. Nilijiwekea nadhiri kwamba akisimama nitafungua uzi huu. Siku zile nahangaika nilitafuta maelezo ya Kiswahili kuhusu chakula cha bata, nikakuta kila kitu kimeandikwa kwa ajili ya kuku, na bata katajwa mwishoni kwa mstari mmoja: "bata hula chochote." Ni kweli anameza chochote. Lakini mimi kuamini mstari huo kumenigharimu vifaranga 5.

Nafuga bata hawa wetu wa kawaida, wenye manyama mekundu usoni, majike 6 na dume 1. Mwishoni mwa Januari jike mmoja aliangua vifaranga 14. Wawili walichukuliwa na mwewe wiki ya kwanza. Waliobaki 12 niliwalisha kama nilivyomwona mama akilisha kijijini: pumba za mahindi, makoko ya ugali yaliyolowekwa, na wali ukibaki. Walikuwa wanakula kwa pupa mpaka moyo unafurahi.

Wiki ya tatu nikaona mmoja amekaa wakati wenzake wanakimbilia sinia. Nikamwinua. Kifundo cha mguu, pale wengi tunapopaita goti, kilikuwa kimevimba ukubwa wa punje ya karanga, na miguu imepinda kama upinde. Nilipomrudisha chini hakukanyaga kwa nyayo, alitembelea vile vifundo, na alipochoka akawa anajivuta kwa mabawa hadi kwenye maji. Ndani ya siku nne walikuwa 9.

Nikakimbilia duka la dawa za mifugo. Muuzaji hakuuliza hata swali moja, akanipa unga wa antibayotiki nichanganye kwenye maji. Nilipoteza siku 6 na dawa isiyohusiana na ugonjwa, na siku 6 kwa kifaranga wa bata ni umri mrefu. Wawili wakafa. Siku ya saba afisa mifugo mmoja kijana alipita kwa jirani kuangalia ng'ombe, nikamwita. Hakuwagusa vifaranga kwanza. Alichota pumba kwenye sinia kwa vidole, akazinusa, akaniuliza, "Mama, mbali na hizi wanakula nini kingine?" Nikamwambia ugali. Akasema, "Hawa hawana mdudu. Wana njaa ya kitu kimoja."

Kitu chenyewe ni niasini, ile vitamini B3. Bata anahitaji takriban miligramu 55 katika kila kilo ya chakula, wakati kifaranga wa kuku anatosheka na kati ya 27 na 35. Kuku anaweza kujitengenezea kiasi kizuri mwilini kutokana na protini anayokula, bata uwezo huo anao kidogo sana. Sasa angalia mahindi: niasini iliyomo imefungwa kwa namna ambayo tumbo haliwezi kuifungua, na protini ya kuitengenezea nayo ni haba. Ndiyo maana hata binadamu akikaa miezi mingi anakula mahindi matupu anapata pelagra, ngozi inachubuka shingoni na mikononi. Ni upungufu uleule. Kwa binadamu unaanzia kwenye ngozi, kwa kifaranga wa bata unaanzia miguuni, kwa sababu anakua kwa kasi ya ajabu na mwili unaizidi mifupa.

Nilienda duka la dawa za binadamu nikanunua vidonge vya vitamini B mchanganyiko, nikasoma kwenye pakiti kiasi cha niasini, nikasaga na kuchanganya kufikia miligramu 100 hadi 150 kwa lita 4 za maji. Hayo ndiyo yakawa maji yao pekee, nayabadilisha kila asubuhi. Siku ya tatu wawili waliokuwa na hali nafuu walisimama. Wanne kwa jumla wamepona. Watatu wengine walikufa, mifupa ilikuwa imeshapinda na mshipa wa kisigino umechomoka mahali pake, hapo vitamini haiwezi kuurudisha.

Nawaomba wenye bata: ukiona kifaranga anakaa kuliko wenzake, usingoje kesho.

---

Mpangaji Ilazo

Pole sana mama. Nimesoma nikakimbia bandani, nina vifaranga 8 na wote wanakula pumba tupu. Hawajalemaa bado. Sasa unawapa nini?

---

Bi Nzuguni

Asante mwanangu. Kabla ya kipimo acha niseme jambo ambalo limenikaa kichwani wiki nzima.

Mama yangu aliwapa bata makoko yaleyale na hakuna aliyelemaa. Nilijiuliza sana kwa nini. Kisha nikakumbuka kwamba bata wa mama walikuwa wakitoka alfajiri kwenda korongoni na kurudi jua likizama. Makoko yalikuwa ni ya kuwaita warudi nyumbani tu. Shibe yao ilikuwa kwenye tope: mabuu, konokono, nyungunyungu, vyura wadogo, mbegu za nyasi, majani ya majini. Huku mjini nimejenga uzio wa matofali, nimelimwaga tope, nikabakiza makoko, halafu nikasema nafuga kama mama. Sikuwa nafuga kama mama hata kidogo.

Kwa hiyo ninachojaribu ni kulirudisha lile tope ndani ya sinia. Kwa kilo 10 nachanganya pumba za mahindi kilo 5, mashudu ya alizeti kilo 2, mtama uliobarazwa kilo 1 na nusu, na chenga za dagaa wa ziwani kilo 1 na nusu. Hapo protini inafika karibu asilimia 20, ambayo kifaranga anaitaka wiki za mwanzo. Wakishafika wiki ya sita au ya saba napunguza dagaa, asilimia 16 inatosha. Mashudu na dagaa ndivyo vinavyobeba niasini, na sisi wa Dodoma na Singida mashudu ni mali ya hapa hapa, hatuna kisingizio. Dagaa pepeta mchanga, na wakiwa wa chumvi usiwape, figo za kifaranga haziwezi chumvi.

Majani kila siku. Mchicha, matembele, majani ya mlenda. Wanayashindania.

Machicha ya pombe ya mtama nayo yana hamira na vitamini B nyingi, ila yawe ya siku hiyohiyo na kiganja kimoja tu kwa bata wengi. Yakilala yanachacha na kuota ukungu.

Kama unanunua chakula cha dukani, kile cha kuanzia vifaranga wa kuku kinafaa ukiongeza vitamini B. Cha kuku wa mayai usiwape kabisa wakiwa wadogo, kina chokaa nyingi kwa ajili ya maganda, inawaharibu figo.

Na kitu kimoja ambacho sikukijua mpaka nilipowatazama kwa makini. Bata akila unga mkavu, unga unaganda kwenye matundu ya pua. Nilimshika mmoja, matundu yote mawili yamezibwa kama yamepigwa plasta, anapumulia mdomo. Chombo cha kunywea cha kuku ni kifupi, bata hawezi kuzamisha kichwa akajiosha pua na macho. Nikaweka beseni lenye kina cha kiganja, na kifaranga yule akatumbukiza kichwa, akapuliza, vipovu vikatoka, akarudia mara nne. Tangu hapo chakula kinaloweshwa kidogo na beseni liko kando ya sinia saa zote. Ila vifaranga wasio na mama usiwaache waogelee wiki za mwanzo, wao hawana mafuta ya manyoya ya mama yao, wanalowa mpaka ngozini na baridi inawaua.

---

Mwana Kibaigwa

Da, uzi mzuri. Mimi nina jambo la kuuliza kwa nia njema. Huku Kibaigwa msimu wa mavuno unapata mahindi yaliyoharibika na mashudu ya zamani kwa bei ya kutupa. Watu wanasema ukungu hauwadhuru ndege, ukiuanika unaondoka. Ni sawa?

---

Bi Nzuguni

Hapana kaka yangu. Tafadhali usifanye hivyo, na wala usimpe mtu mwingine.

Sumukuvu, yaani sumu inayotengenezwa na ukungu, haiondoki kwa kuanikwa wala kwa kupikwa. Ukungu unaouona ukiuondoa, sumu inabaki ndani ya punje. Na kati ya ndege wote wafugwao, kifaranga wa bata yuko mstari wa mbele kabisa kwa kudhurika. Kiasi kinachomuua ni kidogo zaidi ya mara kumi kuliko kile kinachomuua kifaranga wa kuku. Sumu hii yenyewe iligunduliwa kupitia ndege: mwaka 1960 kule Uingereza bata mzinga zaidi ya 100,000 walikufa kwa miezi michache, na vifaranga wa bata pia, ndipo watafiti wakafuatilia wakakuta chanzo ni mashudu ya karanga yenye ukungu yaliyotoka Brazil. Baada ya hapo maabara zikawa zinatumia vifaranga wa bata wa siku moja kupima kama chakula kina sumu. Yaani kifaranga wa bata ndiye aliyekuwa mizani.

Nasi watu wa hapa hatuhitaji kusimuliwa ya mbali. Mwaka 2016 mikoani Dodoma na Manyara watu 68 waliugua kwa mahindi yenye sumukuvu, 20 wakafariki. Mahindi ambayo hayafai kwa mtu hayawi salama kwa sababu yamepelekwa bandani.

Bata aliyelishwa kidogo kidogo hafi siku hiyo. Anapunguza kula, manyoya yanakosa mng'ao, anataga mara chache, ini linakuwa la manjano. Mimi nilishauziwa gunia la mashudu ambalo juu lilikuwa safi na katikati limeshikana mabonge ya kijani. Siku hizi nafungua gunia mbele ya muuzaji, naingiza mkono mpaka kwenye kiwiko, navuta ya chini nanusa. Yakiwa na joto au harufu ya uvundo narudisha. Na sinunui ya zaidi ya wiki tatu hata kama bei inashawishi.

---

Mzee wa Bahi

Mwanangu, umenigusa uliposema tope. Nimezaliwa pembezoni mwa mbuga ya Bahi, naomba niseme kuhusu bata pori, maana hao ndio walimu.

Maji yakijaa, Februari na Machi, huwa tunawasikia usiku kabla ya kuwaona. Wale wenye uso mweupe hawalii kama bata, wanapiga mluzi wa sauti tatu, wanapita juu ya nyumba kwenda mashambani mwa mpunga. Zamani, enzi ambazo hakuna aliyekuuliza kibali, kaka zangu walikuwa wakiwinda, na kazi yangu ilikuwa kupasua. Firigisi ya bata pori nimeipasua nyingi. Utakuta mbegu za nyasi zisizohesabika, nyingine nyeusi ndogo kama ulezi, vipande vya maganda ya konokono, mizizi ya yungiyungi, na mchanga wa kusagia. Punje za mpunga zipo ila si nyingi kama wakulima wanavyolalamika. Na majike wakikaribia kutaga wanakula wadudu zaidi ya mbegu, kwa sababu yai ni nyama, halitoki kwenye nyasi.

Lakini tope hilo hilo linaua, na hili wengi hawalijui. Ikifika Septemba, Oktoba, maji yanakauka yanabaki madimbwi ya kijani yenye joto. Samaki wanakufa humo, ndege wanakufa humo, mabuu yanajaa kwenye mizoga. Bata anakula mabuu. Siku ya pili unamkuta amekaa, shingo imelala chini kama kamba, macho yamo wazi lakini hawezi kuinua kichwa. Wengine huzama kwa sababu hiyo, kichwa kinaangukia majini. Tulikuwa tunasema amelogwa.

---

Mganga wa Mifugo

Shikamoo mzee. Hakulogwa, hiyo ni botulinamu, na umeieleza vizuri kuliko vitabu vyangu vya chuo. Ni sumu inayotengenezwa na bakteria Clostridium botulinum, kwa ndege huwa ni aina C. Bakteria anakaa topeni miaka na miaka bila madhara. Akipata mzoga, joto, na mahali pasipo na hewa, anatengeneza sumu. Mabuu hayadhuriki nayo, yanaihifadhi tu mwilini, kwa hiyo bata akimeza machache amemeza sumu tayari. Akifa, mzoga wake unazaa mabuu mengine, na mzunguko unaendelea.

Kwa mfugaji wa nyumbani maana yake ni hii: mzoga wa aina yoyote, hata wa panya, uondoke siku hiyohiyo, uzikwe au uchomwe. Dimbwi la maji machafu nyuma ya bafu lifukiwe. Bata aliyelegea shingo mtoe, mweke kivulini, mnyweshe maji safi taratibu kwa bomba la sindano huku umemshikilia kichwa. Akivuka siku mbili za kwanza mara nyingi anapona.

Swali la kideri, ule ugonjwa unaoua kuku kwa wingi, ninaliona linakuja, nilijibu mapema. Bata huwa haugui kideri kama kuku lakini anaweza kubeba virusi na kuwaambukiza kuku. Mnaofuga pamoja, chanjeni kuku kila miezi mitatu kwa ile ya tone la jicho.

---

Fundi Ilazo

Mimi ni fundi ujenzi, bata si fani yangu, ila nina ushuhuda. Tulikuwa na saiti Mtumba, mlinzi anafuga bata wanne palepale. Dume akaanza kukonda, kinyesi cha kijani kibichi, anatembea kama mlevi. Wakamchinja wakihofia atakufa bure. Kwenye firigisi tulikuta msumari wa inchi moja, vipande viwili vya waya wa kufungia nondo, na kipande cha bati la mabati yale yanayong'aa. Msumari ulikuwa umetoboa ukatokeza upande wa pili. Hatukumla.

---

Mganga wa Mifugo

Mlifanya vyema kutokula. Bata anavutwa na kitu kinachong'aa, na firigisi yake inatafuta mawe ya kusagia, hivyo msumari kwake ni changarawe. Bati na baadhi ya nyaya vimepakwa zinki, tumboni zinki inayeyuka na kuwa sumu. Madini ya risasi ni mabaya zaidi. Bata pori wanaokota gololi za bunduki chini ya maji wakidhani ni changarawe, wamekufa wengi sana duniani kwa njia hiyo, mpaka Marekani ikapiga marufuku risasi za madini hayo kwa uwindaji wa ndege wa majini nchi nzima mwaka 1991. Dodoma hii inajengwa kila kona. Pitisha sumaku ardhini kabla hujawafungulia bata, spika iliyokufa ina sumaku ya kutosha.

---

Mpangaji Ilazo

Mama, mimi nimepata wazo. Hombolo si mbali. Kwa nini nisichote tope na magugu ya bwawani niwaletee vifaranga, si ndiyo lile tope la bibi?

---

Bi Nzuguni

Mwanangu, hilo wazo nililipata mimi pia, nikaandaa hadi madumu. Daktari akanizuia. Hombolo kuna bata pori wengi, na bata pori ndio wanaotunza virusi vya mafua ya ndege bila wao wenyewe kuonekana wagonjwa, vinatoka na kinyesi kwenda kwenye maji. Januari 2017 wenzetu Uganda walivikuta kwa ndege pori kando ya Ziwa Victoria na baadaye kwa bata na kuku wa kufugwa. Maji ya bwawa yanayonyewa na ndege wa porini usiyalete kwenye banda.

Nimefanya hivi. Beseni kuukuu nimelijaza maji ya bomba, nikatupa humo majani na samadi kidogo, nikaliweka nyuma ya banda wasipolifikia. Baada ya wiki limejaa mabuu ya mbu. Nachuja kwa chujio la chai kila asubuhi kabla hayajageuka mbu, nayamwaga kwenye beseni lao la maji safi. Siku unayosahau kuchuja umefuga mbu, kwa hiyo usianze kama unasafiri sana. Nyungunyungu nawapata chini ya migomba ninapomwaga maji ya jikoni.

---

Mwana Kibaigwa

Swali dogo kwa mzee. Je, nyama ya bata pori ni salama? Jirani anajisifia.

---

Mzee wa Bahi

Kwanza jirani awe na kibali, sheria ya wanyamapori ya mwaka 2009 haichagui bata. Pili, yule mkubwa mweusi mwenye mwiba kwenye bawa sisi hatukumla kiholela. Hula wadudu fulani wanaotoa malengelenge ukiwagusa, na sumu yao inakaa kwenye nyama bila yeye kudhurika. Sikujua jina la sumu.

---

Mganga wa Mifugo

Inaitwa kantharidini mzee, na kupika hakuiondoi.

---

Bi Nzuguni

Nimepima leo asubuhi kwa mizani ya jirani muuza nyanya. Wale watatu ambao hawakulemaa wana kilo moja na robo kila mmoja. Wanne waliopona wako chini yao kwa robo kilo, na mmoja mguu wa kushoto umebaki na pindo dogo, lakini anakanyaga. Mpangaji, vifaranga wako 8 wapime kila Jumapili uandike kwenye daftari. Uzito unasimama siku kadhaa kabla mguu haujapinda, na mimi sikuwa na daftari.